Harambee ya midoli kumi kwa wakunga wanafunzi

Ndugu wazazi, wahitimu wetu, majirani na wote mnaokitakia mema chuo,

Tunachangisha shilingi 19,000,000. Safari hii si jengo wala basi. Ni midoli kumi ya mtoto mchanga, midoli miwili ya mama anayejifungua, ambu za kutosha (mfuko wa kuminya wenye barakoa, wa kumpulizia hewa mtoto asiyepumua), na posho ya mwaka mmoja kwa wakunga wazoefu watatu watakaosimamia mazoezi. Umoja wa wahitimu umeshatoa 4,300,000. Zimebaki 14,700,000, nazo zinahitajika kabla wanafunzi wa mwaka wa pili hawajaanza zamu za leba katika hospitali za jiji.

Tunajua mchango wa midoli unachekesha. Tunajua pia kwamba ukuta hubandikwa kibao chenye jina la mfadhili, na mdoli hauna pa kubandikia. Kwa hiyo tueleze mdoli wenyewe ukoje.

Ni ngozi ya plastiki, ndani mtupu. Unajazwa maji ya vuguvugu lita mbili hivi, na hapo uzito na ulegevu wake vinakaribia vya mtoto aliyezaliwa bila nguvu: kichwa kinaanguka nyuma, mikono inaning'inia, ukiubeba ovyo unateleza. Una vipira vya kuminya vilivyounganishwa kwa mirija. Mkufunzi akiminya kimoja, kitovu kinadunda. Akiminya kingine, kifua kinapanda kana kwamba mtoto anavuta pumzi. Asipominya, mtoto hapumui, na mwanafunzi lazima aamue la kufanya. Akishika ambu, kifua cha mdoli kitapanda pale tu kichwa kimekaa sawa na barakoa haivujishi hewa. Huwezi kuudanganya kwa maelezo mazuri ya darasani.

Kinachofanyiwa mazoezi ni dakika moja. Wakunga huiita dakika ya dhahabu. Mtoto akitoka anakaushwa kwa khanga ya kwanza, kichwa, mgongo, miguu. Khanga iliyolowa inawekwa kando na anafunikwa kwa nyingine kavu. Akilia, anabaki kifuani kwa mama yake. Asipolia wala kupumua, kichwa kinanyooshwa kidogo, kama mtu anayenusa ua. Mdomo unasafishwa ikiwa kuna kinachoziba. Mgongo unasuguliwa mara mbili tatu. Bado? Kitovu kinakatwa, anapelekwa mezani, na ambu inaanza kabla dakika haijaisha, pumzi 40 hivi kwa dakika, jicho likiwa kwenye kifua chake. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji msaada wa aina fulani ili aanze kupumua. Wengi wao hutoshwa na kukaushwa na kusuguliwa. Watatu hadi sita kwa kila mia ndio wanaohitaji ambu, na hao hawasubiri daktari aitwe kutoka jengo la pili.

Makosa yanayofanyika katika dakika hiyo si mageni. La kwanza ni kunyonya ute. Mkono wenye hofu hukimbilia mrija, hunyonya na kunyonya, sekunde thelathini zinaliwa hapo, na mrija ukizamishwa sana mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka badala ya kupanda. Kosa jingine ni kukikunja kichwa nyuma kupita kiasi: njia ya hewa ya mtoto mchanga ni laini, ukiikunja mno inajifunga kama vile kidevu kilivyozama kifuani. Kisha barakoa. Namba 1 ni ya mtoto aliyetimiza miezi, namba 0 ni ya njiti. Iliyo kubwa inapanda machoni na hewa inatokea pembeni. Anayeminya anasikia mfuko ukijaa na kuisha, anaridhika, kumbe mapafu hayajapata kitu.

Kosa linalotuudhi zaidi ni la beseni. Ambu ikishatumika hufunguliwa vipande vipande, huoshwa kwa sabuni, huchemshwa dakika kumi, hukaushwa na kuunganishwa upya. Ndani yake mna kivalvu cha mpira, chepesi kama ganda la kitunguu. Kikirudishwa kichwa chini miguu juu, au kikisahaulika kwenye maji ya sabuni, ambu itaminyika vizuri kabisa na hewa haitaenda kwa mtoto. Kuigundua hali hiyo ni kazi ya sekunde tano: ziba barakoa kwa kiganja, minya, usikie hewa ikitoka kwa mlio kwenye vali ya usalama, achia, mfuko ujae wenyewe mara moja. Sekunde tano hizo hazifanyiki wodini kwa sababu mtu amezisoma. Zinafanyika kwa sababu mkono umezizoea.

Na hapa ndipo penye hoja yetu. Mwaka 2010 mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua yanayoitwa Helping Babies Breathe yalianza kutolewa rasmi duniani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyajaribu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali nane za hapa nchini ulionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo hayo. Mwaka huohuo ukatoka utafiti mwingine, kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ambao unasemwa kidogo kuliko unavyostahili. Wahudumu walifundishwa siku moja. Walipopimwa baadaye kwenye mdoli walikuwa wamepanda vizuri. Walipoangaliwa wodini, kwa watoto halisi, namna walivyowahudumia haikubadilika.

Haydom hawakuishia hapo. Waliweka mdoli karibu na leba, wakaanzisha mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na marudio ya dakika arobaini kila mwezi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015: vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Waliohitaji ambu nao walipungua, na waliosuguliwa mgongo mapema waliongezeka. Mafunzo ni yaleyale na mdoli ni uleule. Kilichoongezwa ni kurudiarudia, tena palepale kazi inapofanyika.

Basi hatuombi pesa ya semina. Semina ya siku mbili yenye sambusa, maji ya chupa na vyeti vyenye mhuri tungeweza kuifanya kwa robo ya kiasi hiki, picha zingependeza, na baada ya miezi mitatu mikono ingekuwa imeshasahau.

Hali ilivyo sasa ni hii. Mwaka wa pili wako wanafunzi 48 na midoli miwili, mmoja unavuja maji kwenye mshono wa bega. Kipindi cha saa moja kikigawanywa kwa watu 24 kwa kila mdoli, kila mmoja anapata dakika mbili na nusu, na humo mnatoka muda wa kupokezana na kuufuta. Anayekaa nyuma hugusa ambu mara moja kwa muhula. Midoli kumi mipya tutaigawa hivi: minne ibaki chuoni, ikiungana na ile ya zamani baada ya kuziba mshono, ili mikondo miwili ya wanafunzi 24 ipate mdoli mmoja kwa watu wanne. Sita iende kwenye wodi ambako wanafunzi wetu hufanya mazoezi ya vitendo, kwa makubaliano ya maandishi na wasimamizi wa wodi hizo. Kila mmoja utakaa kwenye rafu iliyo wazi, hatua chache kutoka kitandani. Tunasisitiza rafu iliyo wazi. Vifaa vya mafunzo vinavyofungiwa kabatini hufa humohumo; mwenye ufunguo yuko likizo, na mdoli unatolewa siku ya ukaguzi ukiwa na ukungu kwa sababu nani aliyakumbuka maji. Sharti la kwanza la msimamizi ni kuumwaga mdoli na kuukausha kila Ijumaa.

Mdoli wa mama ni kitu tofauti. Unafungwa tumboni kwa mkufunzi, naye ndiye anayesukuma mtoto, kondo la nyuma na damu ya bandia, huku akizungumza kama mama: "Nesi, naona giza." Mwanafunzi anajifunza kumjibu huku mikono ikiendelea. Tunautumia hasa kwa damu nyingi baada ya kujifungua, tatizo ambalo macho hayaliwezi. Jaribio lake mnaweza kulifanya nyumbani: chemsha choya, pima nusu lita, mwaga kwenye khanga iliyokunjwa mara nne, kisha muulize asiyejua ni kiasi gani. Wengi watataja kidogo kuliko kilichomwagwa, maana khanga imeificha. Nusu lita ndicho kiwango kilichozoeleka cha kusema mama anatoka damu nyingi. Mwaka 2023 utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kupima damu kwa kitambaa cha plastiki chenye mfuko na mistari ya vipimo, kisha kutoa matibabu yote kwa mpigo badala ya moja baada ya jingine, kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Vitambaa hivyo vimo kwenye bajeti, pamoja na jagi za kupimia na choya ya kutosha. Choya ni rahisi kuliko damu ya bandia ya kuagiza, ila inatia doa, kwa hiyo mazoezi hayafanywi na sare nyeupe.

Fedha zitakwenda hivi, kwa bei za ankara kifani tulizonazo ofisini. Midoli kumi ya mtoto, kila mmoja na ambu yake, ni 4,500,000 pamoja na usafirishaji na ushuru. Midoli miwili ya mama, 4,400,000. Ambu na barakoa za akiba seti 20, 1,200,000, kwa sababu vivalvu vitapotea, hata tukiapa. Rafu na meza tatu kutoka kwa mafundi wa Keko, 1,050,000. Mbao ngumu iliyopakwa rangi ya mafuta, maana ubao wa unga ukilowa mara mbili unavimba. Tanki la maji na kiunzi chake, 900,000, kwa zile siku ambazo mabomba ni makavu na tunanunua madumu. Posho za wasimamizi watatu, 100,000 kila mmoja kwa mwezi, zinafika 3,600,000 kwa mwaka. Huenda wapo watakaosema posho ni ulaji. Mkunga anayetoka zamu ya usiku akabaki nusu saa kusimamia mazoezi anastahili nauli na chai, na bila yeye midoli ni mapambo. Vitambaa vya kupimia, daftari na kazi ya utafiti ni 2,500,000, na 850,000 ni ya dharura, hasa shilingi ikishuka kabla ya kuagiza.

Kuhusu utafiti huo: hatutaki kuamini tu kwamba mpango unafaa. Kila mwanafunzi atapimwa kwenye mdoli mara tatu, kabla ya kuanza, baada ya miezi mitatu na baada ya miezi tisa. Tutaandika sekunde alizotumia hadi pumzi ya kwanza ya ambu, idadi ya pumzi zilizoinua kifua kati ya kumi, na kama aliijaribu ambu kabla ya kuitumia. Mkondo mmoja utaanza mazoezi ya kila wiki mara moja, wa pili utaendelea na ratiba ya kawaida kwa miezi mitatu kisha uingie. Hakuna atakayenyimwa moja kwa moja. Anayepima hataambiwa mwanafunzi ni wa mkondo upi. Alama za vipimo hivyo haziingii kwenye mtihani, la sivyo watu wataogopa kukosea, na kukosea ndiko tunakotaka kukuona. Hakuna mgonjwa atakayehusishwa, lakini wanafunzi ni binadamu, kwa hiyo kazi haianzi kabla ya kibali cha maadili ya utafiti. Muda wa kusubiri kibali tumeuweka kwenye ratiba. Matokeo yatabandikwa getini hata kama ni mabaya.

Kuchangia: lipa namba ya chuo iko kwenye ubao wa matangazo getini na kwenye barua waliyopewa wazazi. Hakikisha jina la chuo limetokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Hatutabadilisha namba, atakayekupigia akidai imebadilika ni tapeli. Pesa taslimu zipokelewe na mhasibu peke yake, kwa stakabadhi. Shilingi 450,000 ni mdoli mmoja kamili, 60,000 ni seti ya ambu ya akiba, na 5,000 inapokelewa kwa stakabadhi ileile. Kila Ijumaa jumla itaandikwa kwa chaki kwenye ubao. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi, milango iko wazi: njooni mshike ambu wenyewe, mkijaribu kuinua kifua cha mdoli huku mkunga akihesabu sekunde.

Asiye na fedha alete khanga kuukuu. Tunahitaji 200, kwa sababu kila zoezi linalowesha mbili, na wanafunzi wajifunze kwa kitambaa kilekile ambacho mama atakuja nacho leba. Ziwe za pamba, zimefuliwa na kukaushwa juani. Za polista zibaki nyumbani, hazinyonyi maji.