Kwa wazazi vijana wa Kadutu mnaongojea pesa ya sherehe ya ubatizo

Wanangu,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Katika shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ya mtaani, kuna watoto wanaotembea, wanaosema, wanaotumwa kununua chumvi, na bado hawajabatizwa. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Mzee, tungoje kwanza." Mnangojea kitenge kipya cha mama, mpiga picha, kreti za bia, wageni kutoka Uvira. Tangu vita vilipoingia mjini kwetu Bukavu Februari 2025 na benki zikafunga milango, pesa hiyo haionekani, na mtoto anazidi kukua.

Sheria ya Kanisa inawadai wazazi mtoto abatizwe katika majuma ya kwanza ya maisha yake. Akifika miaka 7 na akili zimemwingia, hahesabiwi tena na watoto wachanga. Atapita ukatekumeni, yaani kipindi cha matayarisho ya ubatizo, na kufundishwa kama wakubwa. Hapo msije mkalalamika kwamba padiri anawasumbua.

Sherehe ni yenu, ubatizo ni kazi ya Mungu. Dhambi ya asili inaondolewa, mtoto anakuwa mwana wa Mungu na kiungo cha Kanisa, na alama anayotiwa haifutiki, ndiyo maana ubatizo haurudiwi. Krisma, yale mafuta matakatifu, na mshumaa mtavikuta kanisani. Nguo nyeupe hata ya kuazima inafaa. Baada ya misa, fufu na samaki wadogo wa sambaza nyumbani, na mmemaliza.

Kuhusu baba na mama wa ubatizo nina maneno mengi zaidi. Mnamtafuta mwenye gari, mwenye dola, au shemeji wa Ubelgiji ambaye mtoto atamjua kwa simu tu. Kanisa linataka mtu aliyetimiza miaka 16, Mkatoliki aliyepata kipaimara na Ekaristi, anayeishi kadiri ya imani yake, na asiwe mzazi wa mtoto. Mmoja anatosha, wakiwa wawili, awe mwanaume na mwanamke. Dola hazikuandikwa popote. Mimi ningebisha hodi kwa yule mama wa shirika asiyekosa sala, anayewafokea watoto wa wengine wakitoroka katekesimu. Huyo atamfuatilia mwanenu hata mkihama mtaa. Mfadhili mtafuteni siku nyingine.

Jina nalo. Mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya kikristo, na padiri aliyempa mtoto jina la namna hiyo alitishiwa jela. Leo hakuna anayewazuia, nanyi mnatuletea majina ya wachezaji wa mpira! Nchi hii ya Kongo ina mwenye heri Anuarite, mtawa aliyeifia imani. Ina mwenye heri Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906 akiwa kijana kibarua. Jirani zetu wa Goma wana Floribert Bwana Chui, aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani, na Juni 2025 akatangazwa mwenye heri.

Usiku mtoto akiwa katika hatari ya kufa, na risasi zinazuia mtu kumfuata padiri, yeyote aliye karibu anaweza kumbatiza, hata muuguzi asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Anammwagia maji kichwani huku akisema: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha mje parokiani aandikwe kitabuni. Wafundisheni hata bibi zao maneno hayo.

Ninyi ambao hamjafunga ndoa kanisani, msijifiche. Padiri anatafuta tumaini kwamba mtoto atalelewa katika imani. Nendeni mzungumze naye, na ya ndoa yenu mtayaongea hapo hapo. Na wewe mama ambaye bwana yako yuko Kamituga kwenye dhahabu na simu haipatikani, ridhaa ya mzazi mmoja inatosha. Njoo na mtoto.

Mzee wenu, katekista wa zamani,
Kadutu, Bukavu