Machela za kulalia mitini ziboreshwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie machela za wanaolala juu ya miti. Nyingi hufungwa kwa kamba nyembamba inayokata gome, tena hukazwa mno, kana kwamba kukaza ndiko usalama: kamba ikiinama kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo, kila upande hubeba takriban uzito wa mlalaji, lakini ikiinama nyuzi 10 tu hubeba karibu mara tatu yake. Afadhali kanda pana, na machela yenye vifungo katika pembe zote nne, ili mtu akijigeuza isipinduke. Baridi nayo hupenya kwa chini, kwa kuwa mfuko wa kulalia uliogandamizwa na mgongo hauhifadhi joto. Blanketi lining'inizwe nje, chini ya machela. Mkanda wa usalama usivuliwe usiku kucha, na kamba yake ifungwe kwenye tawi jingine imara, si kwenye machela yenyewe.

Msomaji wako,
Muheza, Tanga