Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuijue Sarafu Kabla ya Kuitia Bei

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa sarafu, asalaam aleikum na salamu kwa nyote.

Hesabu namwachia mweka hazina, na karatasi zake mtazikuta mezani. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika, wanachama wapya tumewapokea. Nafasi hii naomba niitumie kwa jambo moja lililotushughulisha kuliko mengine. Watu wanatuletea sarafu, na swali lao la kwanza ni "Hii bei gani?" Nasi baadhi yetu tunajibu kabla hatujaigeuza upande wa pili.

Mama mmoja wa Likoni alituletea mkebe ulioachwa na marehemu mumewe. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshautia kwenye mizani na kumtajia bei ya kilo. Ndani mlijaa pesa za shaba zenye picha ya mizani, na mtu mwenye haraka angesema zote ni za Unguja. Nyingi zilikuwa za huko kweli: pesa za Sultani Barghash, maandishi ya Kiarabu matupu, mwaka 1299 au 1304 wa Hijria, yaani miaka ya 1880. Hizo hadi leo zinapatikana bila taabu. Lakini zilichanganyika na nyingine zenye mizani vilevile, ila zimeandikwa MOMBASA kwa herufi za Kizungu pamoja na mwaka 1888. Chini kabisa ya mkebe tukakuta kipande cha fedha kidogo mfano wa kifungo cha shati: sarafu ya ana mbili (ana ni sehemu ya kumi na sita ya rupia, fedha iliyotumika pwani enzi hizo), mwaka 1890, na herufi H.

Herufi hiyo ni alama ya kiwanda cha sarafu cha Heaton cha Birmingham, Uingereza. Sarafu zenyewe ni za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka 1888 na kuondoka pwani hii mwaka 1895, serikali ya Uingereza ilipochukua mamlaka. Rupia nzima ina mwaka 1888. Nusu, robo na ana mbili zina mwaka 1890. Kampuni haikudumu, ndiyo maana vipande vyake vya fedha, hasa vile vidogo, ni vigumu kupatikana vikiwa katika hali nzuri. Nataka kila mwanachama aweze kuzitambua hizi hata usingizini. Zimebeba jina la mji wetu, na mkebe ule ulibakiza siku chache uingie tanuruni.

Adui wa pili, baada ya tanuru, ni usafi. Mtu akipata rupia ya babu yake huisugua kwa ndimu na jivu, au huilaza kwenye ukwaju, ndipo atuletee iking'aa kama mpya. Ule weusi wa fedha na ile hudhurungi ya shaba ndio ngozi ya sarafu, na mkusanyaji huulipia. Ukitazama kwa lenzi sarafu iliyosuguliwa, unaona mikwaruzo midogo imekwenda upande mmoja, hata ndani ya herufi. Hiyo haifutiki tena. Waambieni watu majumbani: msioshe. Na sisi wenyewe tuache mifuko ya plastiki laini, kwani kwa joto na unyevu wa Mombasa huacha utandu wa kijani juu ya shaba.

Kuna pia kazi za masonara. Rupia nyingi zilitiwa kikuku cha kutundikia zikawa vidani, na baadaye kikuku kikabanduliwa. Zungusheni ukingo wote kwenye mwanga. Palipo na tone la risasi ya kulehemu au mahali palipopigwa tupa, thamani hushuka sana, hata kama uso wa sarafu ni safi.

Kuhusu bandia, somo lililowavutia wengi lilikuwa lile la reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria. Zote zimeandikwa 1780, ingawa zimegongwa, yaani kutengenezwa kiwandani, kwa karne mbili katika miji mingi, London na Bombay ikiwemo. Kwa hiyo mwaka peke yake haukuambii kitu. Reale halali ina uzito wa gramu 28.07, na ukingo wake una maandishi ya Kilatini. Tulitia bilauri ya maji juu ya mizani tukairudisha kwenye sufuri, kisha tukaining'iniza reale kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Mizani ikipanda kwa gramu 2.75 hivi, fedha yake ni ile inayotakiwa. Ikipanda zaidi kwa kiasi cha kuonekana, chuma ni hafifu. Kipimo hiki hakigharimu kitu wala hakiachi alama.

Sasa niseme juu ya jumbe zinazozunguka kwenye simu, zikidai senti yenye tundu ya mwaka 1936 ni mali ya mamilioni kwa sababu ina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza. Jina lipo kweli, na mfalme huyo alijiuzulu mwaka huohuo. Ila senti tano na senti kumi hizo hazikuhitaji picha ya uso wake, kwa hiyo ziligongwa nyingi na kutumika Afrika Mashariki yote. Ni kumbukumbu nzuri, si utajiri. Wanaosambaza jumbe hizo mara nyingi humwambia mwenye sarafu atume kwanza ada ya usajili. Mnunuzi wa kweli hatozi mtu ada ili amlipe. Wazee wetu wameumizwa na hili, na inaniuma.

Tukiulizwa bei, tutazame kiasi kilicholipwa kweli mnadani kwa sarafu ya hali ileile. Bei iliyotajwa na muuzaji ni matumaini yake tu.

Mkumbuke pia Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nchini bila kibali. Rupia na pesa za Kampuni zimo humo. Mwanachama anayemtumia mnunuzi wa ng'ambo kwa posta, ajue.

Kamati inaleta maombi mawili ya kupigiwa kura. Kwanza, tununue mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ikae kwa katibu. Pili, mwanachama asinunue sarafu ya mgeni aliyeileta mkutanoni kutambuliwa hadi wanachama wawili wengine waione na mwenye sarafu aambiwe wazi ni nini. Mama wa Likoni ameamua kuiweka ile ana mbili kwa ajili ya wajukuu. Zile za Unguja ameziuza, na bei aliijua kabla hajapokea shilingi.