Wamama tuliovuka arobaini, tushike daftari

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wamama wenzangu wa hapa Tanga, maana hili jambo la kuhesabu hela zetu limenikaa rohoni muda mrefu.

Mi nina miaka 52, nauza vitumbua Ngamiani, saa kumi na moja alfajiri jiko limeshawaka. Miaka zaidi ya ishirini nashika hela kila siku ila nilikua naogopa kuihesabu. Nafunga kwenye pindo la kanga, mjukuu akitaka ya daftari nafungua, gesi ikiisha nafungua, jirani kakwama nafungua, kesho yake hela ya mchele haitoshi, nakimbilia mikopo ya kausha damu. Unachukua laki mbili unarejesha kila siku, ukikosa wanakuja kukaa kibarazani mtaa mzima unaona. Mi walinibebea friji, na mume wangu siku hiyo ndo akajua kama nadaiwa. Jamani ile aibu.

Binti yangu akaniletea daftari la kaunta, akasema mama andika kila kitu hata nauli ya bodaboda. Nikaandika mwezi mzima. Sare tu, harusi mbili na singo moja ya kumsinga bi harusi, 135,000, hapo sijagusa mchango. Na faida yangu siku ikiwa nzuri ni elfu nane. Yani karibu siku kumi na saba nimepuliza moto kwa ajili ya vitambaa vitatu nilivyovaa mara moja moja.

Sisemi tuache kuchangiana, nilipofiwa na mama yangu ni wamama hao hao tunaochangiana walionisitiri. Ila sa hivi nimewaambia, mchango natoa, sare sinunui, ntakuja na dera langu. Mmoja kaninunia mpaka leo, wawili wakanivuta pembeni wakasema na wao wamechoka ila wanaogopa kusema.

Halafu kuna uzee. Mwajiriwa akifika 60 ana mafao yake, sisi je, mguu ukigoma kusimama jikoni? Kikoba tunavunja Disemba, Januari yote imeishia kwenye ada. Mi yangu mwaka huu nimegawa, nusu ada, nusu sijaigusa.

Na ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake na haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, lakini ukiuliza pale soko la Mgandini wengi wanadhani ni ya watu wanaojuana, ndo maana wanaangukia kausha damu. Nawaomba maafisa maendeleo ya jamii wasituitie mikutano saa nne asubuhi, saa hiyo tuko kwenye biashara. Waje jioni baada ya alasiri, mabaraza yapo, mikeka tutatandika wenyewe.

Mama Vitumbua,
Ngamiani, Tanga