YAH: Malalamiko kuhusu tandiko lisilomfaa farasi wangu, na madai ya kurudishiwa fedha

Perthshire, Uskoti
12 Mei 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Bwana Meneja,

Baada ya salamu, husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tangu mwanzo mimi nawe tumekuwa tukizungumza hivyo kwenye simu, na yote tuliyokubaliana tuliyakubaliana kwa Kiswahili. Nakala ya Kiingereza imekwenda ofisi yenu kuu, asije mtu akasema hakuelewa.

Mwishoni mwa Februari mliniuzia tandiko la ngozi kwa pauni 1,280, na mkanitoza pauni 75 zaidi kwa ajili ya fundi wenu aliyekuja kulipima. Nilikueleza bayana lilikuwa la nani: Marashi, farasi jike wa miaka 5, wa aina ya Highland, aliyeanza kupandwa vuli iliyopita. Nikakutumia picha zake, na michoro ya mgongo niliyoichukua kwa waya laini nyuma ya bega, katikati ya mgongo na karibu na ubavu wa mwisho. Jibu lako ninalo: "Huyo ni saizi pana tu, dada, usiwe na wasiwasi."

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Upana wa mbele ya tandiko ni kipimo kimoja tu, na kwa farasi hawa wa asili wa Uskoti wala si kipimo kikubwa kuliko vyote. Highland ni farasi wa milimani. Hazidi sentimita 148 kwa kimo, lakini amefugwa kwa kubeba. Hadi leo wawindaji huku huwatumia kuteremsha paa dume kutoka milimani. Mgongo wake ni bapa na mfupi, mbavu zimetanuka, na kile kiinuko cha mabega ambacho kwa farasi wa mbio hushika tandiko lisihame, kwake karibu hakipo. Mgongo wa namna hiyo unataka kiunzi, yaani ule mfumo mgumu wa ndani ya tandiko, kilichonyooka, chenye upinde wa mbele wa umbo la U, na mfereji mpana katikati ili uti wa mgongo usiguswe.

Mlichonipa ni kiunzi cha umbo la V kilichopanuliwa, tena kilichopinda kutoka mbele hadi nyuma. Hamhitaji kuniamini. Njooni mliweke juu ya mgongo wake mtupu, bila nguo ya chini na bila kufunga mkanda wa tumbo, mbonyeze mbele kwa kiganja: nyuma inanyanyuka vidole vitatu. Mkibonyeza nyuma, mbele inanyanyuka. Maana yake linakaa katikati tu, na uzito wangu wote unamwangukia hapo. Kisha pitisheni mkono bapa chini ya ubawa wa kushoto wa tandiko, mkishuka na ncha ya kiunzi. Juu mkono unapita. Chini unabanwa mpaka pete inaacha alama kidoleni. Ninyi mnabanwa mkono kwa dakika moja. Yeye alibanwa bega kwa kila hatua, na mtu juu yake.

Fundi wenu hakufanya lolote kati ya hayo. Alilitandika juu ya nguo nene, akafunga mkanda, akarudi nyuma hatua mbili akatazama, akasema limekaa. Marashi alikuwa amesimama zizini wakati wote huo. Hakuomba nimpande, hakuomba hata atembezwe aone bega likirudi nyuma linapita wapi. Nimemwomba mara zaidi ya moja anionyeshe cheti chake cha upimaji, kimya.

Dalili zilianza mapema. Farasi aliyekuwa akitulia wakati wa kufungwa mkanda akawa analaza masikio akiona tandiko mkononi mwangu, na anageuza shingo kutaka kuuma. Hatua za mbele zikafupika. Kuteremka akawa hataki kabisa. Nikilivua, mgongo wote umelowa jasho isipokuwa sehemu mbili nyuma ya mabega, kavu, kila moja ukubwa wa kiganja, manyoya yamesuguliwa yakalala kinyume. Daktari wa mifugo alimkagua: miguu mizima, uti wa mgongo mzima, ila misuli ya nyuma ya mabega inauma akiguswa. Alinikataza kumpanda. Mkandamizo wa namna hiyo ukiachwa uendelee, manyoya ya hapo huota meupe, na huyo huwa na alama hiyo maisha yake yote.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mji ambao mzigo hubebwa na punda, na hospitali yao ipo tangu 1987. Hata mtoto wa Lamu akimwona punda ana kidonda mgongoni, cha kwanza atageuza shogi, yaani mfuko wa mzigo wa mgongoni, atazame chini yake. Kijana wenu wa simu alianza kwa kuniuliza kama Marashi ni mkaidi kwa asili.

Nilileta malalamiko kwa maandishi katika wiki ya pili baada ya kulipokea. Mkaniambia niongeze nguo nyingine chini. Bwana Meneja, kiatu kikikubana huvai soksi ya pili! Nilipowaambia pia kwamba tandiko linazunguka upande wa kushoto ninapopanda, mkasema nikaze mkanda zaidi. Farasi wa mviringo kama huyu, tandiko likiwa si la umbo lake, unaweza kukaza mpaka ashindwe kupumua na bado litazunguka.

Baadaye mkaleta chuma kipana zaidi cha kubadilisha pale mbele, ambacho tangazo lenu linakisifu kwamba kinalifanya tandiko limfae farasi yeyote. Sijui nani aliandika sentensi ile. Chuma kinafungua pembe ya mbele peke yake. Kiunzi kinabaki kilivyo, na mito ya chini, ile inayolalia mgongo wa farasi, inabaki ilivyo. Matokeo yake mbele ilidondoka, nami nikawa nimekaa kama ninayeteleza kuelekea shingoni, huku katikati kukiwa vilevile. Na kwa kuwa mito hiyo ni ya sifongo, si ya sufu, hakuna fundi anayeweza kuongeza hapa na kupunguza pale. Kwa farasi mzima wa miaka 12 huenda mtu akavumilia. Kwa wa miaka 5 ni kosa kubwa, maana mifupa ya mgongo ni ya mwisho kukomaa, na farasi hawa wa asili hawana haraka ya kukua. Umbo lake la mwakani si la leo. Nilikwambia hayo kabla sijalipa, ndiyo maana niliuliza habari ya sufu, ukanijibu kwamba sifongo "haina usumbufu".

Urefu nao ni tatizo, ingawa silipi uzito sawa na mengine: mito inapita ubavu wa mwisho, wa 18, mahali ambapo hapana kitu cha kubeba uzito wa mtu.

Sikutegemea macho yangu peke yake. Nilimwita fundi wa kujitegemea aliyesajiliwa na Society of Master Saddlers, chama cha mafundi wa matandiko kilichoanzishwa 1966, akampima Marashi amesimama, akitembea na akikimbia. Ripoti yake ina kurasa mbili. Hitimisho ni kwamba tandiko hili halimfai na haliwezi kurekebishwa limfae. Kuhusu ngozi na mishono hana neno, wala mimi sina. Limeshonwa Walsall, na mikono iliyolishona inajua kazi. Lililokosewa ni kuliuza kwa ajili ya farasi huyu.

Sasa mmenipa vocha, au fedha baada ya kukata asilimia 40 eti kwa sababu ngozi ina alama za vikuku vya kukanyagia. Vyote viwili navikataa. Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inasema bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji kabla ya kununua, na niliwaeleza. Nililikataa ndani ya siku 30 za mwanzo. Hata tukisema nilikubali mjaribu kulirekebisha, nafasi hiyo mlipewa mkaitumia kwa chuma chenu na hakikusaidia. Na ndani ya miezi 6 ya kwanza sheria hairuhusu kukata fedha kwa ajili ya matumizi, isipokuwa kwa magari. Marashi si gari.

Nadai pauni 1,280 za tandiko na pauni 75 za upimaji ambao haukufanywa kwa uangalifu unaotakiwa, jumla pauni 1,355, zilipwe kwenye akaunti ileile niliyolipia. Gharama za daktari na za fundi wa kujitegemea nitazidai kando, stakabadhi zipo. Usafiri wa kulirudisha ni juu yenu. Nawapa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita, nitafungua shauri katika Mahakama ya Sheriff kwa utaratibu mwepesi wa madai yasiyozidi pauni 5,000, ambao hauhitaji wakili.

Na lile tangazo la chuma, liondoeni au liandikeni upya. Kuna watu wananunua usiku kwenye simu, wana farasi mmoja tu, na fedha waliyoiweka kwa miaka.

Tandiko limo kwenye sanduku lake, limesafishwa, pamoja na vyuma vyote viwili. Dereva wenu apige simu kwanza. Njia ya hapa kwetu ni nyembamba, lori kubwa haligeuki.

Mteja wenu,
(sahihi)

Viambatisho: stakabadhi ya malipo, michoro ya mgongo, picha, ripoti ya daktari wa mifugo, ripoti ya fundi, nakala za barua pepe na ujumbe wa simu.