Barua kwa mwanangu: uso wa babu yako

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo na bibi yako anaendelea vizuri, ila mchoro wa penseli ulionitumia jana kwenye simu umeninyima utulivu. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nikikupigia bibi yako atasikia, na zawadi yenyewe ni yake.

Zawadi siikatai. Hakuna mjukuu mwingine aliyewaza kumchoreshea bibi picha ya marehemu mumewe, na kwa mama zako wadogo nimekwisha kujisifu kupita kiasi. Lakini mwanangu, huyo aliyechorwa si baba yangu. Ni mzee fulani tu aliyevaa kofia.

Kasoro imeanzia kwenye picha uliyompa mchoraji. Ni ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, iliyobanduliwa kwenye kitambulisho cha kazini, na ukingo wa muhuri wa zambarau umepita shavu la kushoto kutoka sikioni mpaka kidevuni. Mchoraji ameudhani ni mkunjo wa ngozi, kwa hiyo amemchimbia marehemu mfereji shavuni na kumpa mdomo wa mtu aliyenuna. Kovu alilokuwa nalo kweli, juu ya jicho la kulia, halimo, kwa kuwa taa ya kamera ililifuta. Asichokijua mchoraji atakibuni, tena atakibuni vizuri, maana mkono wake ni mzuri. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Picha ya namna hiyo haisemi pia rangi ya mtu. Mwambie marehemu alikuwa maji ya kunde. Kisha nenda kwa mjomba wako Temeke, ambaye amechukua uso wa baba yake kuanzia puani kushuka chini, umkalishe karibu na dirisha, mwanga umpate kwa upande, umpige picha bila taa ya simu na bila hizo programu zenu za kulainisha ngozi, ili mchoraji ajionee vivuli vinavyokaa kwenye uso wa ukoo huu.

Umefanya vyema kutokwenda kwa mafundi wa michoro ya Tingatinga, na sisemi hivyo kwa kuwadharau. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kupaka rangi za kung'aa kwenye hadibodi mwaka 1968, mtindo ule umejulikana zaidi kwa twiga, chui na ndege, na hakuna anayedai chui afanane na chui fulani. Bibi yako atadai.

Unasema picha itakuwa ya rangi za mafuta na utakuja nayo Idi. Muulize tena mchoraji. Rangi za mafuta hukauka polepole, tabaka nene huchukua wiki kadhaa, na vanishi ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi sita au zaidi; ukiifunga ingali mbichi na kuipakia kwenye basi, uso utabaki kwenye karatasi uliyoifungia. Rangi ya akriliki, ile ya kuchanganywa na maji, ingekauka siku hiyohiyo. Hata hivyo mimi ningengoja ya mafuta, hata ikipita Idi, kwa sababu muda ambao rangi bado haijakauka ndio muda wa kuusahihisha uso.

Nasikia pia umekwisha kulipa fedha zote. Nani alikufundisha hivyo? Fundi hupewa nusu, na nusu ya pili hungoja macho ya mwenye kazi. Sasa itakubidi uende mwenyewe ukauone uso kabla hajaigusa kanzu.

Kuhusu pa kuitundika, bibi yako huswali chumbani kwake na hataki picha ya mtu humo, kwa hiyo itakaa sebuleni, ambako ukuta wa upande wa bafu unatoa unyevu, na unyevu huotesha ukungu nyuma ya kitambaa kilichochorewa picha. Fundi wa ukuta ameomba mifuko miwili ya saruji; ifikirie kabla ya fremu ya dhahabu. Paa la stoo nalo lingezibwa mwaka ule bibi yako alipohimiza, albamu ya harusi isingelowa na leo tusingekuwa tunabishania picha yenye muhuri. Hayo tuyaache.

Mjomba wako atakuwepo nyumbani Jumapili. Nimemwambia avae kanzu na asiulize sababu.

Mama yako