Salamu za Noeli kwa familia ya Don Bosco, na habari ya kitanda cha jikoni

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu. Heri ya Noeli kwenu nyote, mapadre, mabruda na masista, walimu wa darasani na mafundi wa karakana, wanafunzi mliopo na sisi tuliokwisha pita, wazazi na walezi, na nyie mnaochangia kimya kimya bila jina kutajwa popote. Majilio ndo hayo yameisha, pango limeshatengenezwa, wanakwaya wamefanya mazoezi mpaka sauti zimekauka, na mimi nimeona mwaka huu nisifowadi ile meseji ya mishumaa na nyota inayozunguka kila grupu, niandike ya kwangu kwa sababu kuna jambo liko moyoni.

Kwetu Wasalesiani, shirika la Don Bosco, yule padre wa Italia aliyelea vijana maskini, wiki hii ya mwisho kabla ya Noeli ina uzito wake. Tarehe 18 Desemba 1859, kule Valdocco, mtaa wa mji wa Turin nchini Italia, walikaa watu 18 chumbani kwa Don Bosco wakakubaliana kuanzisha shirika hili, na wengi wao hawakuwa wazee wenye vyeo, walikuwa vijana waliolelewa na kusomea pale pale. Mmoja wao Giovanni Cagliero, aliingia nyumba ile 1851 akiwa bado mtoto, na 1875 ndiye aliyeongoza wamisionari wa kwanza kwenda Argentina. Yaani waliosaidiwa ndo wakageuka kuwa wasaidizi, na leo kazi hiyo iko nchi zaidi ya 130. Mimi hilo likinijia nanyamaza kwanza.

Ila usiku wa Noeli, Luka anaposomwa kwamba hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, akili yangu inarudi nyuma zaidi ya hapo, inakwenda mwezi wa tano 1847. Mvua inanyesha, ni usiku, anabisha hodi kwa Don Bosco kijana wa miaka kama 15, ameloa chapachapa, anaomba mkate na pa kulala. Ametokea Valsesia, bonde la milimani, ni kibarua wa uashi, kaja mjini kutafuta kazi hajapata, na zile lira tatu, pesa za kule, alizokuwa nazo zimeisha. Sasa mjue kwamba Don Bosco na mama yake walishawahi kulaza wengine wakaamka asubuhi wakakuta mablanketi yamebebwa, kwa hiyo haikuwa kwamba hawajui hatari, waliijua vizuri sana, na Don Bosco mwenyewe alimwambia mama yake wazi kwamba huyu akilala jikoni ataondoka hata na masufuria. Halafu nini? Mama huyo, Mama Margherita, akatoka nje na yule kijana wakaokota matofali, wakapanga nguzo nne jikoni, wakalaza mbao juu yake, wakatandika godoro. Kitanda cha kwanza cha bweni la Don Bosco ndo hicho. Kabla kijana hajalala yule mama akasimama akamwambia maneno mawili matatu kuhusu kazi, uaminifu na kumcha Mungu, ndipo wakasali. Desturi ya kuwapa vijana neno fupi kabla ya kulala inaendelea kwenye nyumba za Wasalesiani mpaka leo, na aliyeianzisha ni mama mmoja wa kijijini ambaye shule hakusoma.

Huyu mama tunamtaja kidogo mno jamani. Alikuwa na miaka 58 alipoacha nyumba yake na wajukuu zake kijijini Becchi mwaka 1846 akamfuata mwanae mjini, mapambo yake ya harusi yakauzwa ili watu wale, gauni lake la harusi likashonwa mavazi ya misa. Alilima kabustani ka mboga kwa ajili ya jikoni, wavulana wakacheza vita vyao vya askari wakakakanyaga kote, akachoka kabisa akamwambia mwanae basi narudi nyumbani. Don Bosco hakubishana naye, alimwonyesha tu msalaba ukutani, na yule mama akabaki. Alibaki mpaka alipofariki Novemba 1856. Akina mama mnaopika mabwenini, matroni, walezi mnaofua na kuuguza usiku, salamu hizi ni zenu kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sasa ninachotaka kusema ni hiki. Mwezi wa 12 watu wanakuwa wakarimu, na ni jambo zuri kweli kweli, sitaki mtu anielewe vibaya, zile nguo na unga na zawadi za watoto zinafika na zinapokelewa kwa furaha. Lakini tarehe 26 mtoto bado yupo, na Januari yupo, na shule zikifungua yupo na ada haijalipwa. Don Bosco alilijua hili mapema. Yule kijana wa Valsesia hakupewa mkate akaambiwa nenda salama, na wengine waliomfuata walipewa pa kulala, wakafundishwa kusoma na kuhesabu, halafu wakatafutiwa kazi, na hapo kwenye kazi ndipo Don Bosco alipofanya kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko hata majengo yote.

Alikaa na matajiri wa viwandani na mafundi wenye karakana akawaandikisha mkataba. Mmoja umehifadhiwa, wa Februari 1852, kati ya seremala na mwanagenzi wake, yaani kijana anayejifunza ufundi kwake, na Don Bosco katia sahihi. Masharti yake ukiyasoma leo unaweza kudhani yameandikwa na afisa kazi: fundi amfundishe kijana ufundi wenyewe asimtumikishe kwa kazi nyingine, akimkosoa amkosoe kwa maneno asimpige, amlipe ujira, siku ya Bwana na sikukuu awe huru. Na wakati huo mwanagenzi alikuwa kama mtumishi wa nyumbani tu, anatumwa huku na huku, anapigwa, miaka inaisha ufundi haujui. Mwaka uliofuata, 1853, akafungua karakana zake mwenyewe pale pale, viatu na ushonaji kwanza, kisha kujalidi vitabu, useremala, uchapaji, ufuaji chuma. Watu wengi wanamjua kama padre aliyependa watoto na kucheza nao, ni kweli, ila mapenzi yale yalikuwa na karatasi na sahihi ndani yake, haki ya mtoto iliandikwa ikasainiwa, na kwangu mimi hapo ndipo elimu na huduma ya jamii vinakuwa kitu kimoja.

Na upande wa wasichana vilevile. Maria Domenica Mazzarello wa kijiji cha Mornese, Italia, aliugua taifodi 1860 baada ya kuuguza ndugu zake, nguvu za shambani zikaisha, akajifunza ushonaji ili awafundishe mabinti wa kijiji kushona na kujitegemea, na 1872 ikazaliwa familia ya masista wetu, Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo. Kuandika alijifunza ukubwani kabisa. Nyie mnaoanza kusoma mkiwa watu wazima na mnaona aibu kukaa dawati moja na watoto, mtazameni huyu.

Huku kwetu Tanzania Wasalesiani walifika 1980, na mnajua wenyewe Iringa na Dodoma vijana wangapi wametoka na ufundi mkononi. Kule Kakuma, Turkana, nchini Kenya, kambini kwa wakimbizi, wanafundisha uashi, uchomeleaji, useremala, ushonaji. Kijana aliyekimbia vita hana hakika ya kesho atakuwa nchi gani, ila akishajua kuchomelea geti ataendelea kujua popote atakapopelekwa. Yesu naye alikimbizwa Misri akiwa mchanga, kwa hiyo kambi ya wakimbizi kwenye Noeli iko pale pale katikati ya habari yenyewe.

Walimu wangu, na nyie neno moja. Mwezi wa tano 1884 Don Bosco akiwa Roma, mzee na mgonjwa, aliwaandikia wenzake wa Valdocco barua yenye uchungu kwa sababu walezi walikuwa wameanza kukaa pembeni wakati wa mapumziko, wanawatazama wavulana kwa mbali au wanaongea wao kwa wao. Akawaambia haitoshi vijana kupendwa, wao wenyewe lazima wajue kwamba wanapendwa. Najua mna rundo la kusahihisha, ripoti, vikao, na mshahara wenyewe mnaujua. Lakini muhula ukianza shukeni uwanjani, hata robo saa, mjue nani hana viatu na nani amebadilika tangu likizo. Mimi nilisimama kwa sababu mlezi mmoja aliona sicheki kama zamani akaniuliza, na sijui ningekuwa wapi asingeniuliza.

Wahitimu wenzangu, wenye gereji, wenye karakana, wenye maofisi, kuna vijana wanamaliza mwaka huu na wanatafuta pa kufanyia mazoezi ya vitendo. Mchukue hata mmoja. Umfundishe kazi yenyewe, sio kumtuma vocha na chai siku nzima, umlipe nauli, na akikosea umwelekeze kwa mdomo. Wenye nafasi mnitumie ujumbe kabla ya tarehe 31 Januari, sikukuu ya Don Bosco, majina niwakabidhi mabruda mapema ili kila kijana awe anajua anakwenda wapi.

Nawatakia Noeli yenye amani na mwaka mpya wenye afya. Mlio hospitalini, mlio kazini usiku wa mkesha, mliofiwa mwaka huu na kiti kimoja mezani kiko wazi, tunawaombea kwa majina. Maria Msaada wa Wakristo, utuombee.